Kidirisha cha Alasiri

Junda, Kisauni
Jumanne

Dada yangu Hafswa,

Assalaam aleikum, na shikamoo dada. Wajionaje na hali, na shemeji je, na hao wanangu wawili watundu? Tumbo lako bado lakusumbua ukila pilipili? Namuomba Mola awe amekuafu. Sisi huku twavuta pumzi, alhamdulillahi, lakini nikikwambia sote tu wazima nitakuwa nimekudanganya. Barua hii nimempa Fairuz anayekuja leo harusini huko Malindi, nikamwapisha aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwengine, maana simu yako siku hizi yapokewa na kila mtu. Ingia jikoni, funga mlango, na usipige kelele mpaka umalize kusoma.

Nilikwambia kwamba mimi na Kazungu, yule kijana wa Utange niliyesoma naye chuo, tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wenye maduka mtaani. Hawa wahuni wa mapanga wametutesa, dada. Waingia dukani jua linawaka, wakate, wachukue, watoke wakitembea kama watu waliokwenda kununua sukari. Basi programu yetu ilikuwa hivi: mwenye duka akibana kitufe cha ubavuni mwa simu, kidirisha kinamtokea kwenye kioo kumuuliza kama anataka msaada. Akikubali, simu za majirani wote zinapiga king'ora.

Kile kidirisha chenyewe, kama kinavyokuja na simu, kilikuwa balaa. Cheupe pe, maandishi meusi makubwa: Tuma kengele? Ndiyo. Hapana. Nikamwambia Kazungu huu ni wazimu, jambazi akikiona hicho atamchinja mtu papo hapo. Nikakaa nacho. Nikakivua nguo zake zote nikakivika nyengine. Nikakipaka kijani, nikaziviringisha pembe, nikakiwekea kimwezi juu, kisha nikaandika kwa hati nzuri: Alasiri imeingia. Umeshaswali? Chini vitufe viwili, Nimeswali na Bado. Ukikitazama waona simu ya muumini inamkumbusha mwenyewe, basi. Ukibonyeza Nimeswali kinaondoka kimya. Ukibonyeza Bado, majirani wanaitwa. Nawe wawajua watu wetu, nani huku atakayeulizwa kama ameswali ajibu bado? Hata aliyelala tangu asubuhi atakwambia ameswali, tena jamaa msikitini. Kwa hivyo hakuna atakayeigusa Bado kwa bahati mbaya. Kazungu aliguna, akauliza wenye maduka Wakristo tutawauliza nini, nikamwambia cha kwao tutakishona baadaye.

Kwanza tulikijaribu kwenye simu moja tu, ya Bi Mwanasaumu, fundi wa mabuibui pale njia ya msikitini. Nilimfundisha mwenyewe, nikamwambia asimwambie mtu hata mumewe. Naye alikubali kwa furaha, akanibusu kipaji cha uso.

Alhamisi, watu wako msikitini, waliingia dukani kwake wawili nyuso wamezifunga vitambaa. Mmoja akampiga teke binti anayejifunza cherehani hapo mpaka akazimia. Bi Mwanasaumu akabana kitufe kama nilivyomfundisha, kidirisha kikatoka. Jambazi mwengine yeyote angeona ni mambo ya swala akapuuza. Huyu wa pili aliinama akakisoma. Akamwambia, taratibu kabisa, kwamba yeye ameswali, abonyeze kuwa ameswali, na akiigusa Bado atamkata. Mama wa watu ni mbishi, wamjua. Akanyoosha kidole. Panga likashuka.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, dada, vilibaki juu ya meza ya kukatia nguo, na kioo cha simu kikapasuka vipande viwili. King'ora hakikulia popote. Kwa mkono wa kushoto yule mama aliokota mkasi, akamdunga yule mtu kiganjani mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Mayowe yao wote wawili ndiyo tuliyoyasikia. Nilikimbia pekupeku, nikateleza mlangoni nikaanguka, maana kwenye vitambaa vyeusi damu haionekani lakini sakafu yote ilikuwa imelowa. Wale wawili walikuwa washatoweka.

Bi Mwanasaumu, kabla hajapoteza fahamu, aliwaeleza watu alivyoambiwa. Ikawa kuulizana: nani alikijua kidirisha hiki? Kombe muuza nyama akapaza sauti akasema wanaokijua ni waliokitengeneza. Mimi hakunigusa mtu. Mimi ni binti wa marehemu Mzee Ishaka, nani ataninyooshea kidole Junda? Wakamgeukia Kazungu. Alikuwa amepiga magoti anamfunga yule mama mkono kwa shati lake mwenyewe. Wakamwita Mgiriama mwizi, wakamuuliza swala zetu zamhusu nini. Wakamkokota nje kwa miguu.

Wallahi sikujua kwamba watu tunaowaamkia kila asubuhi wanaweza vile. Walimpiga mawe. Walimpiga fito za kujengea. Kombe alimpiga kwa ubapa wa shoka lake la nyama, jicho la kushoto likafumuka, nimeliona kwa macho yangu. Mtu akaja anavingirisha gurudumu, mwengine anauliza kiberiti. Nikamlalia Kazungu. Kombe aliponishika nywele anitoe, nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na sijutii, natamani ningetoka na kipande. Polisi walifika wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Kisha wakamtia pingu Kazungu.

Niliwaambia kwamba saa ile tulikuwa pamoja tunafanya kazi. Wakanijibu kwamba si lazima awe alikwenda mwenyewe, yatosha aliwaambia waliokwenda. Sasa yuko hospitali, taya limevunjika, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda. Akipata nafuu wanampeleka mahakamani, na kosa lenyewe ni wizi wa mabavu, dada, atatoka huko mzee. Mamake, Bi Kafedha, amekaa chini pale wodini. Alinishika gauni akaniuliza mwanawe amekosa nini. Nikamjibu hakukosa kitu. Akaniuliza tena, basi mbona amefungwa? Nikatoka nikamnunulia maji.

Niliporudi nikamuuliza Kazungu kwa siri mbona hakuwaambia polisi yote anayoyajua. Akanijibu kwa tabu, kwa meno yaliyofungwa waya, kwamba yeye Mgiriama akilitaja jina lile, watu watakwenda Utange wammalize mamake. Akasema jina lile kulitaja ni kazi yangu.

Dada, sasa keti.

Siku ile naunda kidirisha tulikuwa watatu chumbani. Mimi nilikuwa nimeacha Ndiyo na Hapana vilevile. Aliyecheka akasema hakuna mtu wa Kisauni atakayejibu hivyo, aliyenipa Nimeswali na Bado, aliyenieleza kwamba aibu ya watu wetu ndiyo kufuli lenyewe, ni Ghanim. Ghanim wetu. Nilimkumbatia siku ile. Nikamwambia ana akili kutushinda sote, ni uvivu tu unaomponza. Alikuwa amevimba kwa furaha kama mtoto. Na Ijumaa, ulipopiga simu ukanambia mdogo wetu amefika kwako anatafuta kibarua, na kiganja amekifunga kitambaa, eti amekatwa na mabati, niliikata simu. Ulidhani ni mtandao. Nilikuwa nikiuona mkasi wa Bi Mwanasaumu.

Najua wewe ndiye uliyembeba mgongoni mama alipofariki. Mimi nilimfundisha kusoma, na amenilipa kwa kusoma. Nimemlilia, nimemlaani, nikaomba Mungu anisamehe laana, kisha nikamlaani tena. Lau angekuwa mbele yangu ningempiga kwa mchi mpaka nichoke, halafu nimpikie. Lakini Kazungu hana jicho, na mamake yuko chini kwenye saruji.

Leo asubuhi nimekwenda kituoni. Nimemtaja Ghanim. Nimetaja na nyumba yako.

Wamesema watakuja kesho. Nikawaomba nije nao. Mkubwa wao alikataa, akasema vijana wa mapanga hawakamatwi kwa mazungumzo, na akikimbia watapiga risasi. Nikamshika miguu, dada, mimi na kiburi changu chote, mpaka akakubali nibishe hodi kwanza. Kwa hivyo usimwambie kitu, nakuomba kwa haki ya maziwa ya mama. Ukimwambia atakimbia, na akikimbia watamuua. Mpe chakula. Wapeleke watoto kwa jirani. Mkalishe mbali na jikoni, mbali na visu.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu. Bi Mwanasaumu ameamka, na Bi Kafedha akuombea afya ingawa hakujui. Nakuomba radhi kwa haya ninayokuletea nyumbani kwako.

Kesho ukisikia sauti yangu mlangoni, fungua. Usiniulize niko na nani.

Nduguyo,
Raihana