Kamba Waliosuguliwa

Jumamosi, 6 Machi 2004
Msimu wa kamba koche umefunguliwa. Kiwandani, mjini Sur, tangu alfajiri. Nimemfundisha Ibtihal, msichana mpya, kazi yetu ya ukaguzi: pima gamba, mgeuze chali, tazama chini ya mkia; ukiwa na shaka, vua glavu uguse. Mwenye mayai hapiti — kwa sheria anarudishwa baharini. Wengine wanatiwa maji ya barafu mpaka walale, kisha wanachemshwa, wanagandishwa, wanafungwa. Akauliza kama wanaumia. Nikasema wanalala. Sijui.

Jumapili, 7 Machi
Kreti tatu kutoka kwa wavuvi wa Ashkhara. Majike matupu, mikia safi kupita kiasi. Nikavua glavu, nikapitisha kidole: vinyuzi. Mayai yamesuguliwa kwa brashi, vinyuzi vilivyoyashika vimebaki. Kreti za Ami Harub, ndugu yake baba. Yeye ndiye aliyenisomesha. Nikiripoti, leseni yake ya uvuvi inakwenda.
Nimeandika "safi" kwenye fomu. Nikavaa glavu tena.

Ijumaa, 12 Machi
Nimekwenda Ashkhara kumwambia aache. Shikamoo, marahaba, kahawa, halwa. Mkewe, Bimdogo, yuko uani na karai na brashi ya kufulia.
"Bi Serikali kaja," akasema. "Tujifiche wapi sasa?"
Ami akacheka. Akasema bahari ina mayai mengi kuliko mchanga, wallahi, na mimi ni wa kwao kabla ya kuwa wa kiwanda.
Nikamwambia Bimdogo anaacha vinyuzi, iko siku mtu atavihisi. Nilikusudia kumtisha. Akaninyooshea brashi.
"Basi nionyeshe, mwanangu, wewe ulosoma."
Nikamwonyesha. Polepole, kutoka shinani. Karai likajaa chembe za rangi ya chungwa. Akawamwagia kuku.
Njia nzima ya kurudi sikufikiri kitu.

Jumamosi, 13 Machi
Naandika chooni, kiwandani. Kreti za Ami zimekuja. Nimepitisha kamba kumi na tisa, laini wote. Wa ishirini yuko mkononi mwa Ibtihal. Kavua glavu, kama nilivyomfundisha.
"Dada, njoo uguse hapa. Vinyuzi hivi, au mimi ndo sijui?"
Meneja, Abdullatif, kasimama naye, fomu mkononi. Akasema wanisubiri, mimi ndiye ninayejua.
Nikaomba ruhusa nije huku. Nimekaa. Moyo uko kimya tu.
Ibtihal anagonga mlango. Anasema kamba bado mzima, anapiga mkia. Amtie kwenye barafu, au amrudishe baharini?