Koti la Privatus

Jumanne, 13 Agosti 2024
Stellah amekodi ukumbi hapa Nshambya, akaniita nimwandikie bango. Yeye kasomea sanaa Dar; mimi nimejifunza kwa kuharibu kuta za watu. Bango: CHUMBA CHA KUKUMBUKA. Unatundika nguo ya mtu umpendaye ambaye hayuko nawe tena, unaketi chini, unaiambia ulichosahau kumwambia mwenyewe. Sanaa hii haiangaliwi tu, anasema – unaingia ndani yake. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi.

Alikosa nguo ya kuanzia. Nikampa koti la kaka yangu Privatus. Miaka mitatu tangu aende visiwani Muleba kununua dagaa. Simu yake haipatikani. Kachukuliwa na ziwa au na mwanamke – ukoo haujaamua. Msiba haujawekwa.

Alhamisi, 15 Agosti
Stellah katandaza majani mabichi ukumbi mzima. Ili watu wajisikie nyumbani. Nilitaka kumwambia kwamba huku kwetu, majani hayo na koti la mtu ukutani, nyumba hiyo ina msiba. Lakini rangi ya bango ilikuwa inanidondokea.

Ijumaa, 16 Agosti
Ma Felicitas, jirani, alichungulia akitoka sokoni. Akavua viatu, akaingia kimya, akaketi. Wenzake wawili nyuma yake.
"Nani?" akaniuliza.
"Hii ni sanaa, Ma."
"Sanaa ndiyo iliyomuua?"
Kisha akalitambua koti. Akaanza kulia. Stellah akapiga picha, kafurahi mno: watu wanashiriki! Hadi saa kumi tulikuwa kumi na tisa, na mikungu miwili ya ndizi imeletwa. Nami niliketi. Nililia. Kuwafuata wenzangu tu, nadhani.

Jumapili, 18 Agosti
Mtu kampigia simu Evodia, mke wa Privatus, kumpa pole. Kafika mchana huu kutoka Kimwani. Wanawake wakamsogezea nafasi chini ya koti – mahali pa mjane. Hakuketi.
"Shemeji, mmemwona?"
"Hapana."
"Mmemzika?"
"Hapana."
"Sasa mnamlilia nani?"
Stellah akamnong'oneza kwamba anaweza kuliambia koti chochote. Evodia akamtazama, kisha akaliambia koti, kwa Kihaya, taratibu: kahawa imeiva, wavunaji wananisumbua.
"Keti, mwanangu," Ma Felicitas akasema. "Umesimama miaka mitatu."
Wote wakanigeukia. Ndugu wa mume ni mimi; mimi ndiye wa kumkalisha. Nikasema nakuja, nikatoka.

Nipo nje, naandika hapa kwenye viti tulivyovitoa ukumbini ili kutandaza majani. Evodia akiketi kwenye majani yale, Privatus amekufa. Akiondoka, nimemlilia mtu aliye hai. Namwona kupitia dirisha, kaegemea ukuta, kachoka kusimama. Nimeinua kiti kimoja, nimekirudisha. Nimekiinua tena. Mjane hakai kwenye kiti – mgeni ndiye hukaa. Hata sijui nampelekea yupi kati ya hao wawili.