Daktari Anayekuja Tukiwa Wazima

Nyanga, Bukoba

Kwa kaka yangu mpendwa Hamidi,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kisiwani, wewe na wifi Farida na watoto, na kwamba ziwa limetulia na dagaa wanakauka vizuri. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ingawa neno hilo "wazima" ndilo linalonichanganya siku hizi, kama utakavyoona. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu unapenda kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Kwa hiyo nimeandika, nikampa Ndaki, anayekuja huko kununua dagaa, akufikishie mkononi.

Umeniuliza, tena kwa ukali, kwa nini pesa unazotuma tunamlipa nazo daktari wa Miembeni kila mwezi wakati Mama ana kadi ya bima. Kusema kweli hata mimi sikuelewa. Jirani yetu Joviana ndiye aliyetupeleka. Dakta Riyadhi hapokei kadi ya mtu. Nyumba inamlipa yeye mwenyewe, muumwe msiumwe, naye anawatibu, anapokea simu zenu, na anakuja nyumbani kuwaangalia. Kadi inabaki kwa mambo ya kulazwa na upasuaji. Nilimwuliza kama hiyo si bima nyingine iliyovaa koti jeupe. Akacheka, akasema kule alikokuwa mwanzo nusu ya siku yake iliishia kwenye kujaza madai ya bima, na wagonjwa aliwaona mbiombio. Hapa ana nyumba chache na anataka kuzijua. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Basi akaanza kuja, na mambo yakavurugika. Majirani wakiona gari la daktari mlangoni, wanajua kuna mgonjwa. Wakaja na maziwa, wakaja na ndizi, Edvina akaleta kuku mzima. Wote wakauliza mgonjwa yuko wapi, na Mama yuko mbele yao anamenya ndizi. Nikisema hakuna anayeumwa, wananitazama kwa huruma. Nikafika mahali pa kujishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mara za mwanzo Mama alimketisha daktari sebuleni akampa akamwani, zile kahawa za kutafuna, kama mgeni yeyote wa heshima. Baadaye akaacha. Akawa anamwingiza jikoni, anampa panga aende kibanjani kwenye migomba kutuangushia mkungu, anamgombeza akichelewa. Unajua mwenyewe, kwetu mgeni hatumwi kibanjani. Anayetumwa ni wa nyumbani, au anayetaka kuwa wa nyumbani. Majirani wakasahau ugonjwa, wakaanza kuniita bibi harusi. Joviana akaniambia nisijifanye mtoto, mwanamume mwenye kazi yake hakati ndizi za watu bure.

Kaka, nitakwambia na usinicheke. Nilianza kuamini. Tangu nirudi nyumbani baada ya talaka hakuna aliyenitazama mara mbili, na huyu alikuwa akinivuta pembeni kuniuliza maswali: Mama anakula vizuri, anasahau sufuria motoni, amewahi kupotea akitoka sokoni. Nikadhani anataka kumjua mkwe kabla ya kuleta posa. Nikanunua kitenge kipya.

Ijumaa iliyopita nilivaa kitenge hicho nikamsubiri nje, nikamwomba aniambie wazi anatafuta nini kwetu. Alinitazama kwa mshangao. Kisha akanieleza polepole kwamba kumbukumbu za Mama zinaondoka, na amekuwa akizifuatilia kwa muda sasa. Alisema kwenye foleni ya hospitali mtu anaulizwa maswali mafupi, na maswali mafupi Mama anayajibu vizuri kuliko mimi. Ugonjwa huu unahitaji mtu wa kukaa naye, aondoke, arudi tena. Dawa za kutuliza kidogo zipo, za kuponya hakuna. Halafu akasema linalomkosesha raha zaidi. Mama hamwiti daktari. Anamwita Hamidi.

Nilibisha sana. Daktari alipoingia jikoni nikasimama nyuma ya mlango. Mama alikuwa anamwuliza kama sangara wanapatikana, kama mguu wa Farida umepona, na kwa nini huko kisiwani amekonda hivyo. Naye anajibu taratibu kwamba wanapatikana, umepona, atakula. Nilikaa chini pale pale nikalia, na aibu yangu ni kwamba sikujua nalia kwa ajili ya Mama au kwa ajili ya kitenge.

Sasa daktari anauliza amsahihishe Mama au aache. Alijaribu mara moja, Mama akatetemeka mpaka daktari mwenyewe akaogopa. Akiacha, anaona kama ameiba nafasi ya mtoto wa watu. Anasema uamuzi ni wako zaidi kuliko wangu. Ukisema tuache kumlipa, Mama atakaa mlangoni akimngoja mwanawe. Ukiendelea kutuma pesa, unamlipa mtu awe wewe. Nimeligeuza jambo hili huku na huku, kichwa kimejaa. Hukuja Idi hii wala ile iliyopita. Sikulaumu, najua kazi ya ziwa, lakini nafasi yako haikukaa wazi. Tafadhali njoo. Jibu sina, ila afadhali tuchanganyikiwe wawili kuliko mimi peke yangu.

Nisalimie sana wifi Farida, na watoto wote uwabusu. Joviana anakusalimu. Salamu za Mama sina. Nimetoka kumwuliza sasa hivi kama ana neno la kukuandikia, akanishangaa, akasema kwani Hamidi si alikuwa hapa juzi, barua ya nini.

Ndimi mdogo wako,
Safina