Chumba cha Nairobi na Ng'ombe wa Gwata

Mpwa wangu Hajira,

Marahaba. Huku mtaani kwetu Picha ya Ndege hatujambo, na yule kiboko wa mto Ruvu niliyemfukuza kwa mwiko hajarudi mpaka leo.

Sasa hao watu wa hosteli ya Nairobi wana nini? Wamenipigia simu wenyewe, wakauliza kama kweli kwenu hamna uwezo, ndipo wakupe chumba cha bei nafuu. Mimi nilikuwa kijiweni, simu iko spika, wenzangu wote wametega masikio. Ulitaka niseme mpwa wangu ni maskini? Nikawajibu kwa heshima: mjomba ana ng'ombe mia Gwata, mama yake ana ghorofa Kisarawe. Mwenzangu Mahona akaninong'oneza, "Ongeza na trekta." Nikaongeza.

Halafu eti wamekunyima chumba. Unalala sakafuni kwa watu, na kifua kinakubana kwa baridi. Watu gani hawa, wanamwadhibu mtu kwa kutoka ukoo mzuri?

Basi waambie wapige tena. Nitasema ng'ombe ni wa Mahona, nyumba ya mama yako inavuja, na mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja. Ila wapige asubuhi, kabla sijaenda kijiweni.

Ni mimi mjomba wako,
Bilali