Tatu Ilikuwa "Amekufa"

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kwenye ile kliniki ya wanyama. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ile app niliyowatengenezea unaikumbuka? Hali ya mnyama inahifadhiwa kama namba, halafu skrini inageuza namba kuwa neno kwa kufuata mpangilio wa orodha yangu. Sifuri anasubiri, moja anatibiwa, mbili yuko tayari, tatu amekufa.

Jana daktari akaomba niongeze "amepokelewa". Nikaliweka juu kabisa. JUU KABISA! Maneno yote yakasogea chini, namba za zamani zikabaki palepale. Tatu ikawa "yuko tayari".

Na wewe si uliniambia nihifadhi maneno yenyewe, niachane na namba? Nikakuona mjuaji.

Sasa asubuhi hii kaingia mzee mmoja na kamba ya mbwa mkononi. Mbwa wake alikufa juzi, daktari mwenyewe alimpigia simu. Leo app inamwambia: "Yuko tayari, njoo umchukue."

Anacheka, shoga. Mzee wa watu anacheka! Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa kaunta: "Kwa hiyo juzi mlikosea?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu. Tumekosea leo."

Akaikunja ile kamba polepole, akaitia mfukoni. Mimi machozi hayo. Tena yeye ndiye akaanza kunibembeleza:

"Usilie, mwanangu. Njia nzima mpaka hapa alikuwa hai."