Shuka za Mama Yako

Baba Mapacha,

Nimewahi kazini. Ukirudi mchana, shuka za mama yako zilizobaki nimeziloweka kwenye beseni, uani. Zisuuze uzianike. Taulo za watoto usizichanganye humo!

Wenzangu hufua shuka mara moja kwa wiki. Mimi nafua kila siku, na wewe unaamka, unaziba pua, unaondoka. Leo amekojoa tena. Nilipotoa godoro nje, jirani akauliza kulikoni. Nikamjibu kwa sauti, makusudi mama yako asikie: "Bibi yetu amerudi utotoni, bado nepi tu."

Akatoka na mkongojo wake. "Lete, mwanangu, nitafua mwenyewe."

Nikamsogezea beseni. Vidole vyake havikunjiki, unajua. Nilikaa kwenye ngazi nikanywa chai yangu yote, yeye akihangaika na shuka moja.

Chai yake hakuigusa. Nimemchungulia dirishani kabla ya kutoka: amelala sakafuni, kwenye saruji tupu, asije akachafua kitu.

~~Mwambie nimekosa, anisamehe.~~

Mwambie kesho tunafua mablanketi.

Mama Mapacha