Kigoda cha Jikoni na Bango la Kisasa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana usingizi umenihama. Mimi ni fundi samani, wananiita Mama Randa, karakana nimeijenga mwenyewe kutoka meza moja hadi mashine nne, na juu ya mlango nimeandika SAMANI ZA KISASA, maana wateja wanane kati ya kumi wakiingia husema "nataka kitu cha kisasa", sasa binti yangu anayesoma falsafa chuo kikuu ameandika tasnifu kuhusu usasa na kichwa chake ni hilo bango langu! Nikamuuliza, "Umenigeuza mfano wa ushamba?" Akasema, "Hapana mama, nauliza tu, hiyo kisasa ni sasa ya nani?" Nikamjibu, "Ni sasa iliyokusomesha!" Kisha, bila haya, akaomba kigoda changu cha jikoni akakionyeshe ukumbini Ijumaa atakapoitetea tasnifu yake mbele ya wahadhiri, kigoda cha miguu mitatu, kazi yangu ya kwanza, kimeinama sentimita mbili upande mmoja, na ndicho ninachokalia kila siku kwa sababu makochi ya sebuleni ni ya kisasa, bado yana nailoni, ni ya wageni. Nimemnyima, na nimesema siendi. Tangu hapo anakula chumbani kwake. Je, nimekosea?

*Mama Randa*

Mama Randa, pole. Kuona jasho lako limegeuzwa mada ya watu kubishania kunauma, na binti alipaswa kukuomba ruhusa kabla ya kuandika. Hilo mwambie usoni.

Lakini umesoma kichwa tu, ukakasirikia kurasa zote! Wanafalsafa wenyewe hawajakubaliana usasa ni nini: wengine wanauona kama foleni moja, fulani yuko mbele na sisi tunafuata nyuma, wengine wanasema kila jamii ina usasa wake, inaoutengeneza kwa mikono yake. Binti yako anauliza nani alipanga hiyo foleni. Hakucheki. Tena hebu jiangalie: makochi ya kisasa unayo huyakalii, kigoda unakikalia kila siku lakini unaona haya kionekane. Kwa nini, mama? Hapo ndipo penye swali lake.

Basi leo mgongee mlango, mwambie akusomee kurasa mbili kwa sauti. Bango usiliguse. Ijumaa funga karakana, kibebe kigoda mwenyewe, ukifika ukikalie, mstari wa mbele. Neno usilokubaliana nalo, nyosha mkono useme. Na kabla hujatoka nyumbani, chukua kisu uichane ile nailoni. Jioni mtarudi mmechoka, mtahitaji pa kukaa.